Winfred na Lori la Kompyuta Kuukuu

Watu wengi waliopita geti la nyuma la jengo lile hawakujua jina la mlinzi wake. Walimjua kwa kofia yake na daftari lake. Jina lake lilikuwa Winfred Nyaboke, mwanamke wa miaka thelathini na minne kutoka Nyamira, na kazi yake mjini Doha mwaka ule wa 2012 ilikuwa kuandika kila kitu kilichoingia na kila kitu kilichotoka. Viti, makopo ya rangi, maji ya kunywa, maua ya sherehe, vyote viliandikwa namba na saa, na aliyevileta akaweka sahihi.

Kabla ya kuvaa sare ile alikuwa fundi. Kwa miaka saba aliuza na kutengeneza kompyuta za mitumba katika duka moja dogo la Luthuli Avenue, Nairobi. Zilikuja kwa makontena kutoka Ulaya, zimechubuka, nyingine zina stika za shule za watoto wa huko, na Winfred ndiye aliyezifungua, akazipangusa vumbi, akazipanga kwa bei. Kisha jengo likauzwa, mwenye duka akarudi kwao, na Winfred akabaki na watoto wawili na ufundi usio na mahali pa kufanyia. Wakala akamwambia visa iliyopo ni ya ulinzi, aende tu, akishafika atatafuta kazi nyingine pole pole. Alipofika akakuta mambo hayaendi hivyo. Aliyekuleta ndiye unayemfanyia kazi, na ukitaka kuhama lazima akupe barua ya kukuachilia. Winfred alilia wiki moja, akanyamaza, akajifunza kusimama saa kumi na mbili bila kuegemea ukuta.

Jengo hilo lilikuwa na ofisi ya wahandisi waliosimamia barabara na mabomba ya mji mpya wa Lusail. Mwanzoni mwa Juni wahandisi hao walinunua kompyuta mpya, na za zamani zikashushwa hadi stoo ya chini, karibu na geti la Winfred. Zilikuwa arobaini za mezani na laptopu kumi na nane. Mkurugenzi wa ofisi, Mlebanoni aliyeitwa Muhandisi Samir, akaamua kwamba ishirini kati ya hizo zipelekwe kambi ya wafanyakazi, lifunguliwe darasa la Jumamosi kwa madereva, wafagiaji na vibarua. Watakaofuzu watapewa nafasi ya kujaribiwa kazi za utunzaji stoo na uandishi wa mahudhurio huko Lusail. Zilizobaki zingekwenda kwa watu wa chakavu.

Jina la kwanza kuandikishwa darasani lilikuwa la Augustine, dereva wa basi dogo la ofisi, Mkenya wa Webuye mwenye miaka arobaini na sita. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumsumbua kwa kukaa kwenye usukani, na alishamwambia Winfred kwamba akikosa nafasi hii hajui miaka miwili ijayo itamkuta wapi. Kila asubuhi aliposimamisha basi alimwonyesha ukurasa aliochora kibodi kwa kalamu, akitaka kuulizwa herufi fulani iko wapi.

Aliyepewa kazi ya kuchagua mashine alikuwa Bradley Mwaura, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeshughulikia mtandao wa ofisi. Naye alikuwa Mkenya, ila wa ghorofani, mwenye kitambulisho cha kuning'inia shingoni. Siku ya Jumatano alimletea Winfred orodha mbili, moja ya kambini, nyingine ya chakavu, akamwomba aziandike kwenye daftari, akaondoka huku anazungumza na simu.

Winfred alianza kuandika. Alipofika mstari wa nne, kalamu ikasimama.

Za kambini zilikuwa kompyuta kumi na mbili za mezani zenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Pentium 4, gigahezi tatu nukta mbili, na laptopu nane ndogo za Atom, gigahezi moja nukta sita, za mwaka 2009. Za kutupwa zilikuwa ishirini na nane za mezani zenye Core 2 Duo, gigahezi mbili nukta moja na kitu, na laptopu kumi za Core 2 Duo, moja nukta sita na kitu, za mwaka 2006. Alisoma tena, akidhani amechanganya karatasi. Hakuwa amechanganya. Yeyote aliyetengeneza orodha ile alikuwa ametazama safu mbili tu: ya gigahezi na ya mwaka. Kwa za mezani akachukua namba kubwa, kwa laptopu akachukua mpya.

Pale Luthuli, Winfred aliwahi kuwaeleza watu jambo hili mara tano kwa siku. Gigahezi ni idadi ya mapigo ya prosesa kwa sekunde, basi. Haisemi kila pigo linafanya kazi kiasi gani. Pentium 4 ilipiga haraka sana, ikala umeme mwingi na kutoa joto jingi, lakini kila pigo lilisukuma kidogo. Core 2 Duo iliyoifuata ilipiga polepole, ikafanya mengi zaidi katika kila pigo, na ndani yake kulikuwa na viini viwili vya kufanya kazi badala ya kimoja. Na Atom, hata kama ilizaliwa baadaye, ilibuniwa kwa laptopu ndogo za bei nafuu zinazotakiwa kudumisha betri. Haikuumbwa kushindana na mtu.

Lakini mkubwa wake wa zamu, Kiprop, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumapili kwenye gwaride: mlinzi haongei na watu wa ofisi kuhusu mambo ya ofisi. Mwaka uliopita mwenzao mmoja alitoa maoni juu ya gari la mgeni, na mwezi haukuisha akapelekwa uwanja wa ndege. Kwa hiyo Alhamisi, mashine ishirini zilipopakiwa kwenda kambini, Winfred aliziandika moja moja, akafungua geti, akatazama gari likipotea. Siku nzima alijiona kama mtu aliyemwona mwenzake akipanda basi la njia nyingine asimwambie.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikwenda Mesaimeer kwenye ibada kama kawaida, na baada ya ibada akamwona Bradley nje ya ukumbi, amesimama kivulini na vijana wenzake wawili wakinywa soda. Pale hapakuwa na geti wala Kiprop. Winfred akatengeneza kitambaa chake kichwani, akawasogelea.

“Bradley, samahani kidogo,” alisema. “Ile orodha ya kompyuta. Nadhani imegeuka. Zile zinazotupwa ndizo nzuri.”

Bradley aliwatazama wenzake kwanza, kisha yeye. “Madam, za kambi ni tatu nukta mbili. Zinazotupwa ni mbili nukta moja. Hata mtoto wa nasari anajua kubwa ni gani.”

“Ile namba haikwambii kazi. Mimi nimezifungua hizo mashine miaka saba, na...”

“Tufanye hivi,” Bradley akamkata kwa tabasamu. “Wewe linda geti, mimi nilinde kompyuta.”

Wenzake wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha vijana waliochoka kwa wiki nzima, lakini Winfred alikibeba mpaka kwenye basi na mpaka chumbani kwao Al Rayyan. Kilichomuuma si kukataliwa. Kule Luthuli wateja walimkatalia kila siku, na wengine walirudi baada ya mwezi kuomba radhi. Kilichomuuma ni kwamba alipoambiwa alinde geti, kitu fulani ndani yake kilikubali. Alijiuliza kama sare ile imeanza kuingia mpaka kwenye akili.

Jumapili asubuhi Augustine alifika bila ile karatasi yake ya kibodi. Alizima injini, akakaa kidogo kwenye kiti, ndipo akateremka na kumweleza.

Darasa la kwanza lilifanyika Jumamosi saa tisa alasiri, nje kukiwa na joto la digrii arobaini na nne. Watu ishirini walikuwa wamekaa, kila mmoja na mashine yake. Kompyuta za mezani zilipowashwa zote, pamoja na skrini zake nene za zamani na kiyoyozi cha dirishani, swichi kubwa ya chumba ikakatika. Wakairudisha, ikakatika tena. Wakazima kiyoyozi ili kompyuta zipate umeme, chumba kikawa tanuri, feni za mashine zikaunguruma mpaka mwalimu hakusikika, na moja ikajizima yenyewe kwa joto. Zile laptopu ndogo ziliendelea kuwaka, ila ukibonyeza kufungua ukurasa wa hesabu ungeweza kwenda kunywa maji ukarudi hujafunguka. Baada ya saa moja msimamizi wa kambi aliwatoa watu wote nje. Alimpigia Muhandisi Samir simu akasema mashine kuukuu ni mashine kuukuu, chumba anakihitaji kwa vitanda. Augustine alikuwa ameagizwa arudishe mbili kwenye basi, moja ya mezani na laptopu moja ndogo, Bradley azitazame kabla ya kila kitu kufungwa.

“Wanasema darasa limekwisha, dada Winnie,” Augustine alisema. “Na mimi sijashika hata ile panya yake.”

Kabla Winfred hajamjibu, lori la chakavu likageuka kona.

Wapakiaji walifanya kazi kwa kasi. Kufikia saa nne na nusu kompyuta zote thelathini na nane zilikuwa juu ya lori, zimelazwa kama matofali, na dereva alikuwa kwenye dirisha la kibanda cha Winfred akinyoosha kibali cha kutoa mali. Winfred alipanda ngazi ya lori kuhesabu, maana ndiyo kazi yake. Akahesabu thelathini na nane, akaona na printa mbili. Kwenye kibali hapakuwa na printa.

Angeweza kumaliza jambo hilo kwa simu. Mara nyingi alipiga ghorofani, mtu akasema andika tu, naye akaandika. Hilo alilijua vizuri wakati ameshika mkono wa simu. Alipiga kwa Bradley, akasema vitu kwenye lori havilingani na kibali, na kwamba kwa kanuni aliyetia sahihi anatakiwa ashuke mwenyewe. Kila neno lilikuwa kweli.

Bradley alishuka. Hakuwa yule wa Ijumaa. Macho yalikuwa mekundu na shati limekunjika, na Winfred akaelewa kwamba simu ya msimamizi wa kambi ilikuwa imemfikia kupitia kwa Samir. Alichukua kalamu aongeze printa kwenye kibali.

“Kabla hujaandika,” Winfred alisema, “nipe saa moja na mashine nne. Mbili kutoka hapo juu, na zile mbili alizorudisha Augustine. Nikikosea, lori litaondoka, na mimi utaniandikia ripoti kwa Kiprop.”

Bradley alitazama lori. Alitazama simu yake. Winfred aliona anapima jambo ambalo halikuhusu kompyuta hata kidogo.

“Nikipoteza hii kazi mama yangu atajua kwa majirani,” Bradley alisema kwa sauti ya chini. “Nilipewa hiyo orodha asubuhi, ikatakiwa mchana. Mimi ni mtu wa mtandao. Prosesa nilisoma kidogo tu, nikafaulu mtihani, nikasahau.”

“Basi tuzikumbuke pamoja,” Winfred alisema.

Shida ikawa geti. Mlinzi haachi lindo. Winfred alikuwa bado anafikiria la kufanya Kiprop alipotokea upande wa maegesho, ameitwa na honi za magari yaliyozuiwa na lori. Alikuwa mtu mrefu wa Kapsabet, asiyepaza sauti, na kutopaza kwake ndiko kulikotisha. Aliuliza kuna nini. Winfred alimweleza yote, pamoja na maongezi ya Ijumaa, kwa sababu hakuona faida ya kuficha nusu. Kiprop alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua daftari mkononi mwake, akavuta kiti cha plastiki, akakaa dirishani.

“Saa moja,” alisema. “Na lori lisogee pembeni.”

Stoo ilikuwa na meza moja ndefu. Augustine na mpakiaji mmoja walibeba mashine, wakazipanga nne kwa safu: Pentium 4 ya mezani, Core 2 Duo ya mezani, laptopu ya Core 2 Duo, laptopu ndogo ya Atom. Bradley alikuwa na flashi zenye mfumo unaowaka bila kutegemea diski, akaziandaa nne zifanane. Winfred akasema na kumbukumbu ziwe sawa, mashine isije ikashinda kwa kulishwa vizuri. Bradley akafungua moja, akachomoa kipande, zote zikabaki na giga moja. Mikono ya Winfred ilikuwa imesahau bisibisi kwa miaka miwili. Skrubu ya kwanza ilimponyoka. Ya pili haikumponyoka.

Kazi waliyozipa ilikuwa moja: kuigeuza video ya usalama kazini, ya dakika kumi, iwe ndogo ya kutosha kutumwa kwa simu. Kabla hawajaanza Bradley alimuuliza anatazamia nini. Winfred akasema ya mezani ya Core 2 itashinda bila wasiwasi, Pentium 4 itafuata, laptopu ya zamani itakuwa ya tatu karibu karibu, na Atom ya mwisho. Augustine akabonyeza vibonye viwili, Winfred na Bradley kimoja kimoja, kwa pamoja. Saa ya mkononi ya Winfred ikaanza kuhesabu.

Dakika ya tatu mlango ukafunguliwa, akaingia Muhandisi Samir. Gari lake lilikuwa limekwama nyuma ya lori, naye alikuwa ameshuka kuuliza. Bradley alisimama wima. Akaanza kueleza kwa Kiingereza, akajikwaa, akaanza upya. Samir akainua kiganja kumtuliza, akaja mezani, akasimama kutazama zile asilimia nne zikipanda kila moja kwa mwendo wake.

Core 2 ya mezani ilimaliza kwa dakika nne na sekunde hamsini. Pentium 4 ilikuwa bado haijafika nusu, na feni yake ilikuwa imepanda sauti kama mashine ya kukaushia nywele. Kisha likatokea jambo ambalo Winfred mwenyewe hakulitarajia. Dakika ya sita na sekunde arobaini, laptopu ile ya mwaka 2006, yenye kifuniko kilichopasuka na gigahezi nusu ya zile za Pentium 4, ilimaliza kazi. Pentium 4 ikaja kuimaliza baada ya dakika kumi na sekunde ishirini. Atom waliiacha dakika ya ishirini, ikiwa asilimia sitini na nane.

“Hapo nilikosea,” Winfred alisema akiigusa laptopu. “Nilidhani hii itapitwa na Pentium 4. Ni nzuri kuliko nilivyoisifu.”

Samir akaweka mkono nyuma ya Pentium 4, penye hewa ya feni, akauondoa upesi. Akauliza, kwa Kiingereza cha taratibu, kwa nini yenye namba ndogo inaishinda yenye namba kubwa. Alimuuliza Bradley. Bradley alimtazama Winfred, kisha akamwambia mkurugenzi neno ambalo Winfred alikuja kulirudia kwa watu wengi baadaye.

“Muulize yeye, bwana. Ijumaa aliniambia jambo hili na mimi sikutaka kusikia, kwa sababu ni mlinzi. Orodha ilikuwa yangu. Kosa ni langu.”

Winfred alivua kofia. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, kiliwahi kuuza kompyuta nyingi. Akatafuta mfano ambao mtu wa Lusail angeujua. Akamwambia afikirie kibarua mmoja anayekimbia kutoka kwenye rundo la matofali mpaka kwenye ukuta, kila safari amebeba tofali moja. Ukimhesabia safari, anashinda kila mtu, na jasho linamtoka, na anataka maji kila baada ya dakika. Huyo ni Pentium 4. Sasa fikiria vibarua wawili wanaotembea tu, kila mmoja amebeba matofali matatu. Safari zao ni chache. Ukuta wao ndio unaokwisha kwanza. Orodha ilikuwa imehesabu safari, haikuhesabu matofali.

Samir alicheka kidogo puani. Alisema amewahi kulipa wakandarasi wa aina zote mbili. Kisha akauliza la umeme, kwa kuwa hilo ndilo lililofunga darasa. Winfred akamjibu kwamba akipewa uchaguzi angepeleka laptopu zote kumi, ambazo hula umeme mdogo sana, na kumi za mezani za Core 2 zenye skrini bapa, na hata hizo angezigawa, nusu zichukue umeme wa ukuta wa pili. Kiyoyozi kitawaka na swichi haitakatika. Betri za laptopu zimekufa, lakini darasani kuna soketi, kwa hiyo si kitu.

Samir akamwambia Bradley ateremshe ishirini kutoka kwenye lori, aandike kibali kipya, na aende kambini mwenyewe kabla ya Alhamisi kuona nyaya. Alipofika mlangoni akageuka, akamuuliza Winfred jina lake, akalitamka vibaya, akauliza tena mpaka akalipata.

Winfred aliporudi getini saa moja ilikuwa imepita kwa dakika kumi na tano. Kiprop alikuwa ameandika magari tisa kwa mwandiko mzuri kuliko wake. Akampa daftari.

“Niliposema msiongee na watu wa ofisi,” alisema, “nilikuwa nawakinga. Lakini leo ungenyamaza ningekuona mjinga.”

Darasa lilifunguliwa tena Jumamosi iliyofuata na swichi haikukatika. Bradley alifundisha mara mbili, akakiri kwamba anakwenda mbio mno na watu hawamfuati, akamwomba Winfred amsaidie. Samir akaandikia kampuni ya ulinzi barua kuomba Winfred apewe saa tatu za kufundisha kila Jumamosi, nao wakakubali. Si wote waliofaulu. Kati ya watu ishirini, saba waliacha kabla ya Septemba, kwa zamu na kwa uchovu. Augustine mwenyewe alianguka mtihani wa kwanza, kwenye ukurasa wa hesabu. Winfred alimwonyesha kwamba alikosea jambo lile lile mara sita, la kusahau alama ya usawa mwanzoni mwa hesabu, na kwamba mtu anayekosea jambo moja mara sita ana jambo moja tu la kujifunza. Mtihani wa Novemba aliupita. Mwezi wa kwanza wa 2013 alianza kazi ya kuandika mahudhurio huko Lusail, kwenye kiti chenye mgongo.

Na Winfred? Wahandisi walimtaka ofisini kwao, na barua ya kumwachilia ikaombwa Oktoba, ikakataliwa. Iliombwa tena Januari. Safari hiyo Kiprop alikwenda nayo makao makuu mwenyewe, siku yake ya mapumziko, akiwa na madaftari yote ya geti la nyuma, akawaambia anayewaomba hajawahi kukosa hata mstari mmoja, na kwamba mtu kama huyo humpotezi kwa kumwachilia bali kwa kumfanyia hiana. Walichukua wiki tano kujibu. Jibu lilipokuja, lilikuwa la karatasi moja, lenye muhuri, na lilisema mkataba wake ukiisha mwezi wa nne yuko huru kwenda kwa wahandisi. Winfred alilisoma amesimama, akalikunja, akalifungua akalisoma tena. Bradley alikuwa ameshaanza kumtafutia meza.

Kabla ya hapo alikuwa na darasa jipya la kumaliza, watu ishirini na wawili. Mmoja wao alikuwa Faridah, mfagiaji kutoka Masaka, ambaye majuma mawili ya kwanza alikuwa akifuta kibodi kwa kitambaa badala ya kuigusa kwa vidole. Jumamosi moja ya Machi Winfred alifungua Pentium 4 mbovu mezani ili waone ndani. Akainua kizuizi, akaitoa prosesa yenyewe, akaipitisha mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Faridah ikakaa. Aliishika kiganjani, kipande kidogo cha mraba chenye vidoti vya dhahabu upande mmoja, akaigeuza, akaigeuza tena.

Aliuliza kama hiki ndicho kinachofikiri. Winfred akasema ndicho kinachohesabu, na kwamba hiki kimekwisha kuhesabu, kimekufa. Faridah akauliza kama kilichokufa kinaweza kuingia kwenye bahasha. Alitaka watoto wake wakione, wajue mama yao sasa anasoma nini.

Winfred akamwambia akichukue. Faridah akakifunga kwenye karatasi safi, akaandika juu yake jina la kila mtoto, matatu, kwa herufi kubwa, kisha akavuta kiti karibu na laptopu yake, akaiwasha mwenyewe bila kusubiri kuambiwa.